Mfupa Una Siku Zake



Kila mwaka tarehe 18 Oktoba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Luka, ambaye Mtume Paulo amtaja kuwa ni tabibu. Katika waandishi wanne wa Injili, ni yeye peke yake aliyetuandikia habari za yule mwanamke aliyepindana mgongo kwa miaka 18 (Luka 13). Twapenda kuitafakari habari hiyo safari hii, kwa kuwa wapo kati yetu ndugu waliokwisha kuunganishwa pingili za uti wa mgongo hospitalini, na wengine wangali wakingoja zamu yao. Na jambo moja tumeliona: kanisa letu lajua sana kuomba siku ya kupasuliwa, lakini mwezi wa nne halijui la kufanya.

Mfikirini kwanza mama huyo. Miaka 18 alitazama miguu ya watu na vumbi la njia. Akitaka kuuona uso wa mtoto wake, ilimbidi ageuze shingo kwa taabu. Hata hivyo siku ya sabato alikuwamo katika sinagogi. Bwana alimwona, akamwita, akamwekea mikono, naye akanyoka mara ile ile. Mkuu wa sinagogi akakasirika. Tusimwonee mtu huyo. Hakusema kwamba wagonjwa wasiponywe. Alisema tu kwamba zipo siku sita za kazi, basi waje katika siku hizo. Alikuwa na kalenda yake, akataka uponyaji wa Mungu uifuate.

Sisi nasi tunayo kalenda. Mkuu wa sinagogi alisema, si leo. Sisi twasema, leo, tena sasa hivi. Ndugu yetu akirudi kutoka hospitali, wiki ya tatu twataka asimame mbele ya kusanyiko ashuhudie, na wengine humtaka avue mkanda wake na kuinama ili watu waone kwamba Mungu ni mkuu. Asipokuja, husemwa kwamba imani yake ni haba. Mambo haya yamewaumiza watu, nasi hatuwezi kuyanyamazia.

Basi na tujue kinachofanyika mwilini. Mtu mzima ana pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Chini yake zipo nyingine ambazo Muumba mwenyewe huziunganisha ziwe mfupa mmoja tunapokua, kwa hiyo kuungana kwa pingili si jambo geni katika mwili. Madaktari huunganisha pingili mbili au zaidi pale ambapo uti hauwezi tena kujishikilia: aliyevunjika kwa kuanguka mtini au kwa pikipiki, aliye na pingili iliyoteleza kutoka mahali pake, mtoto ambaye mgongo wake wapinda upande, au mtu ambaye kifua kikuu kimemla pingili. Hao wa kifua kikuu ndio waliokuwa wa kwanza. Mwaka 1911 huko New York madaktari wawili, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, waliunganisha migongo iliyoharibiwa na ugonjwa huo. Siku hizi wengi wa wagonjwa hao hupona kwa dawa bila kupasuliwa. Hapa kwetu kazi hii hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyowekwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, na katika hospitali nyingine kubwa.

Tuseme wazi pia kwamba si kila maumivu ya mgongo yahitaji kisu. Walio wengi hupata nafuu kwa mazoezi, dawa na muda. Aliyeshauriwa kupasuliwa asione haya kumwuliza daktari: ni pingili zipi, kwa sababu gani, na nitarajie nini? Wapo ambao maumivu ya mguu huondoka yote, na ya mgongo hubaki kiasi. Ni heri kulijua hilo kabla, kuliko kudhani baadaye kwamba Mungu amekutupa.

Daktari akifungua mgongo huzifunga pingili kwa skrubu na fito za chuma, kisha huweka chembe za mfupa katikati, mara nyingi zimetolewa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Hapo ndipo kazi ya daktari iishiapo. Chuma chashika tu. Kinachounga ni mfupa wenyewe, ukiota polepole kutoka pingili hii hadi ile, na hakuna mwanadamu awezaye kuuharakisha. Ngozi hufunga kwa wiki mbili hivi. Mfupa huanza kushikamana baada ya miezi mitatu hadi sita, na kukomaa kwake huchukua mwaka, hata zaidi. Kwa hiyo ngozi hudanganya. Jirani aona kovu zuri, asema, umepona wewe, njoo tukalime! Na ndani mfupa bado ni mchanga. Usipoungana, chuma kile kitachezeshwa kila siku mpaka kilegee au kikatike, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, na mtu arudi kwenye kisu mara ya pili.

Yanayohitajika kabla ya siku ile ni mengi, nasi tutataja yale ambayo watu wetu huyaficha. La kwanza ni tumbaku. Sigara huzuia mfupa usiote, na ugoro nao unayo sumu ile ile ya nikotini. Tunawajua kina bibi wacha Mungu wenye kijikopo cha ugoro katika pindo la khanga, na daktari akiuliza, "Unavuta?" hujibu kwa moyo mweupe kwamba hawavuti. Bibi zetu, semeni! Yafaa kuacha wiki nne au zaidi kabla ya kupasuliwa, na kuendelea kuacha mpaka mfupa uungane. La pili ni dawa za miti shamba, na vidonge kama aspirini. Baadhi huifanya damu isigande upesi, kwa hiyo daktari aambiwe zote, naye ndiye atakayesema ipi iachwe na lini. Mwenye kisukari sharti sukari yake iwe imetulia, maana kidonda chake huingiwa na wadudu kwa urahisi. Tena damu: ndugu huombwa kuchangia, na hapo wanaume wengi wa kanisa hukumbuka ghafla kwamba wana safari. Tunaimba kila Jumapili juu ya damu iliyomwagika kwa ajili yetu. Chupa moja haitatuua.

Nyumba nayo iandaliwe mgonjwa angali ana nguvu. Masharti ya miezi ya kwanza ni haya: asiiname, asiinue kizito, asijipinde kiwiliwili. Hospitalini ni maneno mepesi kusema. Nyumbani kwetu kila kitu kiko chini. Jiko liko chini, ufagio ni mfupi, beseni la kufulia liko chini, na choo ni cha kuchuchumaa. Wengi huambiwa wasiinue zaidi ya kilo mbili hadi nne katika wiki za mwanzo. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20. Mama akirudi katika nyumba ya namna hiyo bila msaidizi, atavunja masharti yote kabla ya saa mbili asubuhi, wala si kwa ukaidi.

Kwa hiyo seremala wa mtaani atengeneze kiti imara, kitobolewe katikati na kuwekwa juu ya tundu la choo. Ni kazi ya nusu siku. Kitanda kisiwe cha chini sana, wala godoro lisibonyee kama machela. Sufuria, chumvi, dawa na simu viwekwe juu ya meza, usawa wa kiuno. Na mgonjwa ajifunze mapema namna ya kuondoka kitandani: ajigeuze mzima kama gogo, mabega na nyonga pamoja, ashushe miguu, kisha ajiinue kwa mikono. Mkeka wa sakafuni na uwekwe kando kwa muda.

Wengine hudhani kupumzika ni kulala. La, kutembea ndiyo dawa yake kubwa. Dakika chache hadi mlangoni, kisha hadi kwa jirani, mara kadhaa kwa siku, akiongeza kidogo kidogo kama daktari alivyomwelekeza. Vijana wetu wanaweza kumsindikiza jioni. Ale vema: maharage, mayai, dagaa, mboga za majani. Dawa za maumivu hufunga choo, hivyo papai na maji mengi visikosekane, na asinunue vidonge vingine dukani bila kuuliza, kwa kuwa baadhi huenda vikachelewesha mfupa. Juu ya unyumba, mume na mke waulize pamoja bila haya. Madaktari wamezoea kuulizwa.

Zipo dalili ambazo hazingoji maombi ya jioni. Homa, kidonda kutoa maji au usaha, mguu mmoja kuvimba na kuuma, miguu kuishiwa nguvu, ganzi katikati ya mapaja, kushindwa kuzuia haja au kushindwa kukojoa: apelekwe hospitali saa ile ile, na waombaji waombe garini. Pumzi ikimbana au kifua kikimchoma, ni vivyo hivyo.

Sasa twarudi kwa mwezi wa nne. Injili ya Marko yatuambia habari za watu wanne waliomchukua mwenye kupooza, wakatoboa dari wakamteremsha mbele ya Yesu (Marko 2). Twawasifu sana wale wanne. Nasi twawaza, nani aliyeiziba dari ile? Haikuandikwa, lakini kuna mtu alipanda juu kesho yake na udongo na matete, wakati umati umekwisha kwenda zake. Kanisa letu lina wachukuzi wengi na waziba dari wachache. Siku ya kwenda hospitali gari hujaa watu. Kwa harusi huchapwa kadi za michango, na kwa msiba unga na maharage hufika kabla ya kuulizwa. Mgonjwa wa mgongo hana kadi wala tanga. Wiki mbili watu huja, kisha hunyamaza kimya, naye angali ana miezi kumi mbele yake, na karo za watoto, na nauli ya kurudi kliniki, ambayo bima ya afya hailipi.

Katika ukimya huo ndipo huzuni huingia. Mtu aliyekuwa akilima, akibeba, akiongoza kwaya, sasa aogeshwa na binti yake. Atalia bila sababu, atakosa usingizi, atasema afadhali angebaki alivyokuwa. Asikaripiwe. Eliya nabii, baada ya ushindi mkuu kabisa wa maisha yake, alijilaza chini ya mti akaomba kufa (1 Wafalme 19). Malaika hakumhubiria. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa tena. Neno lenyewe alilopewa lilikuwa fupi tu, kwamba safari ni ndefu na nguvu zake hazitatosha bila chakula. Na huzuni ikizidi, daktari aambiwe. Hilo nalo ni ugonjwa wenye matibabu.

Twawaomba basi Umoja wa Akina Mama na wazee wa kanisa, katika kila mtaa, waandike zamu katika daftari: nani atachota maji Jumatatu, nani atafua Jumatano, nani atafagia. Zamu isiwe ya wiki mbili. Iwe ya miezi sita, kisha daktari aulizwe kama iendelee. Wanaume wasiseme kwamba kuchota maji ni kazi ya wanawake; Bwana wetu alijifunga kitambaa akaosha miguu, kazi ambayo katika nchi ile ilikuwa ya mtumwa.

Naye mgonjwa, twamwomba akubali kuhudumiwa. Hili ni gumu kwa watu wazima, hasa kwa kina mama ambao tangu utoto hawajapata kuketi wakati wengine wakifanya kazi. Yule mama wa Injili hakujinyosha mwenyewe. Tena Bwana alimwita binti wa Abrahamu mbele ya wote, maana katika udhaifu wake hakupungukiwa heshima hata kidogo. Basi na majina ya utani, kama "mama chuma" na "mzee skrubu", tuyaache.

Juu ya ibada, twataka ijulikane hivi. Ndugu aliyepasuliwa mgongo hatazamiwi kupiga magoti wala kuinamisha mwili. Akiwa nyumbani, kasisi atamletea Ushirika Mtakatifu. Jamaa watoe habari mapema. Akiwa na nguvu za kuja kanisani, asiketi kwenye benchi lisilo na egemeo. Mzee wa zamu atamwekea kiti chenye mgongo na mikono kando ya mlango wa pembeni, ambako hakuna ngazi, ili aweze kusimama na kutembea kidogo katikati ya mahubiri akichoka, wala mtu asigeuke kumtazama. Wakati wa kupokea asipange mstari. Tutamfuata pale pale alipo.