Panya Buku, Mnana na Ghala la Mwislamu

Sifa zote njema anazistahiki Allah (s.w). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w).

Ndugu Waislamu, tuwatazame viumbe wawili tunaoishi nao humu humu mijini. Wa kwanza ni panya buku. Hutoka usiku, hujaza chakula katika mifuko ya mashavuni mwake na kwenda kukificha shimoni. Wachunguzi wa wanyama wamekuta katika mashimo hayo hata sarafu na vipande vya chuma, vitu asivyoweza kuvila.

Wa pili ni mnana, ndege mdogo wa manjano anayening'iniza viota minazini. Dume husuka kiota kwa nyuzi za majani. Jike akikikataa, hukibomoa na kuanza upya. Kiotani hana akiba. Kila alfajiri hutoka na njaa kutafuta mbegu na wadudu, jioni hurudi ameshiba.

Katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w) alipotufunza kumtegemea Allah alitupigia mfano wa ndege. Wapo wanaoitumia Hadithi hiyo kutetea uvivu, na wanasahau kwamba ndege huyo hutoka. Hakukaa kiotani akingoja.

Je, kuweka akiba ni kosa? Hasha! Nabii Yusuf (a.s) aliwaelekeza watu wa Misri kuhifadhi nafaka ya miaka 7 ya neema, na maghala yakafunguliwa miaka 7 ya njaa ilipofika. Panya buku naye halaumiwi, ndivyo alivyoumbwa. Wa kulaumiwa ni mwenye akili anayefungia sukari, mchele na tende ghalani Shaabani nzima, akisubiri bei ipande Ramadhani. Hiyo ndiyo ihtikari, na kwa Hadithi aliyoipokea Imam Muslim, mwenye kuifanya ni mkosaji. Mtu huyo utamkuta safu ya mbele kwenye tarawehe, ilhali mama ntilie jirani yake amefuturu uji usio na sukari. Swaumu yake imemfunza nini?

Ewe mfanyabiashara, fungua ghala kabla mwezi haujaandama. Uza kwa faida ya halali, na mali iliyotimiza nisabu na mwaka uitolee Zaka. Nasi wanunuzi tusikimbilie kujaza magunia majumbani kwa hofu, tukamwacha wa kununua robo kilo akikuta duka tupu.

Wabillahi tawfiq.