Maana Iko kwa Anayeonyesha

Mwaka 1923 kiwanda cha Zeiss cha Jena, Ujerumani, kilikamilisha mashine iliyoagizwa na makumbusho ya Deutsches Museum ya Munich. Wazo la awali lilikuwa tufe kubwa linalozunguka, watazamaji wakiwa ndani yake. Mhandisi Walther Bauersfeld na wenzake wakaligeuza: kuba litulie, mwanga ndio uzunguke. Projekta 31 zikarusha nyota zipatazo 4,500 juu ya kuba jeupe, na usiku mzima ukapita kwa dakika chache. Hiyo ndiyo planetariamu ya kwanza ya namna yake.

Ila mashine ile ilijua anga la Munich tu. Msalaba wa Kusini, ambao mvuvi wa Lamu anauona bila kiingilio, haukuwamo. Toleo lililofuata ndilo lililoweza kuinamishwa likaonyesha anga la popote duniani.

Kwa nini basi mtu alipe, akae ndani, azimiwe taa, ili aone mwigo wa kitu kilicho bure juu ya paa? Wengi watasema taa za mijini zimezifuta nyota. Ni kweli, lakini haitoshi. Hata kijijini, kwenye giza totoro, mtu anaweza kuzeeka asiijue sayari ya Mshtarii katikati ya nyota. Giza peke yake halifundishi, anahitajika wa kukwambia, "Ile pale."

Mtazame mwelekezaji wa planetariamu kazini. Anarusha kimshale cha mwanga, kinatua kwenye kishada kidogo cha nyota, na ukumbi mzima unageuza shingo. Mtoto anahesabu sita, jirani yake anashikilia ni saba. Ni Kilimia. Wahenga wa pwani waliangalia kama kinazama wakati wa jua au wa mvua, wakakisia hali itakayokuwapo kitakapochomoza tena.

Nyota hizo ziko umbali wa miaka ya nuru takriban 440. Hazijui jembe wala masika. Wapo wanaohitimisha kwamba maana zote tulizozipa ni uzushi, na kwamba mbele ya ulimwengu binadamu si kitu. Naona wamerukia mwisho. Mkulima wa pwani aliyekitazama hakudai kwamba Kilimia kinamjali. Alikipa kazi, akaipima kwa mvua mwaka hadi mwaka, akamwachia mwanawe. Maana haikuwa kule juu, wala haikuwa ndoto ya mtu mmoja. Ilikaa baina ya watu waliotazama kitu kimoja na kukubali kukirudia.

Hapo ndipo elimu ya nyota inapoachana na ramli. Ramli haikosei kamwe, daima ina kisingizio. Elimu ya nyota inakubali kukosolewa, kama ile mashine ya mji mmoja ilivyobidi kuundwa upya ili anga la wengine nalo liingie.

Kwa hiyo planetariamu isipimwe kwa wingi wa viti wala ukubwa wa kuba. Apimwe aliyetoka humo: je, usiku wa pili anaweza kumwonyesha mwenziwe sayari ya Mirihi ilipo? Na akibishiwa kwamba hiyo ni nyota tu, asigombane. Waweke alama ya mahali ilipo kati ya nyota za jirani, wakutane tena baada ya wiki chache waone imehama au haikuhama. Akifika hapo, kiingilio chake hakikupotea.