SUSANA ALIPAZA SAUTI



Sura ya 13 ya kitabu cha Nabii Danieli yatusimulia habari za Susana, mke wa Yoakimu, aliyekaa Babiloni. Wazee wawili, tena waamuzi wa watu, walijificha katika bustani yake. Alipobaki peke yake walimtaka akubali tamaa yao, la sivyo wangeshuhudia kwamba wamemkuta na kijana. Silaha yao haikuwa upanga, bali aibu.

Silaha hiyo yatumika hata leo, na bustani ni simu iliyo mkononi mwa mtoto wetu. Mgeni mwenye picha nzuri, aliyoiiba kwa mtu mwingine, huanza urafiki katika Facebook au Instagram. Baada ya siku chache, pengine saa chache, hutamka mapenzi, huhimiza wahamie WhatsApp, kisha huomba picha ya utupu au maongezi ya video, ambayo huyanasa kwa siri. Hapo sauti tamu hugeuka. Huonyesha orodha ya jamaa na rafiki wa kijana, hudai fedha saa ileile, la sivyo wote wataiona picha.

Tusidhani ni mchezo. Mwezi Machi 2022, huko Michigan, Marekani, mvulana wa miaka 17 alitishwa hivyo na watu waliojifanya msichana. Alilipa dola 300, wakadai zaidi. Saa chache baadaye alijiua. Ndugu wawili wa Lagos, Nigeria, walikiri makosa, na Septemba 2024 kila mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 17 na nusu.

Susana alifanyaje? Alipaza sauti, na watu wa nyumbani wakaja mbio. Kesho yake aliposhtakiwa, alifika barazani pamoja na wazazi wake, watoto wake na jamaa zake wote. Ndipo Danieli alipowatenga wale wazee, akamwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani. Majibu yakapingana, uongo ukafichuka.

Mtu atasema: Susana hakuwa na kosa, bali kijana huyu alituma picha mwenyewe. Kweli, usafi wa moyo ni wajibu, na aliyeuvunja ana jambo la kuungama. Lakini tusichanganye mambo mawili. Dhambi yake hupelekwa kitubioni, na huko husamehewa bure. Unyang'anyi aliotendewa hupelekwa polisi. Kosa la mtoto halimpi mwizi haki ya kumtoza. Tena siku hizi kompyuta yaweza kubandika uso wa mtu kwenye mwili usio wake, hata asiye na kosa akatishwa.

Basi, vijana, shikeni haya. Msilipe, maana anayelipa mara moja hudaiwa tena. Msijibizane naye. Msifute kitu, hifadhini maneno yake, namba zake na majina anayoyatumia, kwani ni ushahidi. Mwambieni mzazi, mwalimu au padre siku hiyohiyo, mkatoe taarifa polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015. Ziko pia huduma za bure katika intaneti: Take It Down kwa picha za walio chini ya miaka 18, na StopNCII kwa watu wazima. Picha yenyewe haitoki katika simu. Hutolewa alama yake tu, nayo makampuni ya mitandao yaliyojiunga huitumia kuitambua picha na kuiondoa.

Nanyi wazazi, mashauri hayo yote ni bure ikiwa mtoto aogopa fimbo yenu kuliko amwogopavyo mwizi. Mficha maradhi, kifo humuumbua; lakini mara nyingi mtoto huficha kwa sababu ya ukali wetu. Mwiteni jioni ya leo, kabla halijatukia neno, mwambieni: "Mwanangu, likikupata la aibu, njoo kwangu kwanza." Na siku atakapokuja akitetemeka, msianze kwa hasira. Mpokeeni, kaeni naye usiku huo, mwende naye polisi. Mafundisho ya usafi yatafuata, naye atayasikia.

Wale wazee walitumaini kwamba Susana angenyamaza. Nyumba zetu na ziwe mahali ambapo mtoto akipaza sauti, watu huja mbio.