Msusi anayekataa pesa

Dada zetu wa mjini wanaijua tabu ya kumpata msusi anayezijua nywele zao. Mwenye kujistiri tabu yake ni mara mbili, maana anataka pia saluni ya wanawake watupu, yenye pazia mlangoni.

Akimpata, atajuaje kuwa ndiye? Wengi watasema ni yule anayetoa mtindo wanaoutaka. Lakini mwenye nywele laini pembeni mwa paji akitaka twende kilioni ya kubana sana, msusi mjuzi anafahamu kuwa mvuto ule, ukirudiwa miaka, hung'oa nywele na huenda zisiote tena. Akitaka kuunganishiwa, msusi mcha Mungu anakumbuka kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kuunganisha nywele na mwenye kuunganishiwa, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Hapo ana njia mbili: achukue pesa anyamaze, au aseme ukweli mteja ahamie saluni ya jirani.

Ndugu msomaji, mtihani huu si wa msusi peke yake. Akitukatalia, tunarudi kwake, au tunasema "huyu hanielewi"? Mara nyingi anayetuelewa tunamwita mkorofi, na anayetuharibu tunamwita hodari. Ni hivyo hivyo kwa rafiki, na kwa imamu wa msikiti wetu.

Kichwa ni amana ya Allah (s.w.). Tumshukuru anayekihurumia kuliko mfuko wake.

Wallahu a'alam.