Ardhi Isiyokuwa Tupu: Juu ya Mpangilio wa Ngazi katika Uigaji wa Mipango ya Ardhi

Uigaji wa mipango ya matumizi ya ardhi ni zoezi ambalo wanafunzi, maofisa au wananchi huketi mbele ya ramani au kompyuta, wakagawana nafasi za diwani, mwekezaji, mfugaji au afisa mipangomiji, kisha wakapanga mji au kijiji cha kubuni na kuyaona katika saa chache matokeo ambayo katika maisha halisi hungojwa kwa miaka. Kwa kuwa mambo ya ardhi ni mengi na yamefungamana, walimu huligawa zoezi hilo katika ngazi, yaani hatua zinazofuatana kutoka nyepesi hadi nzito. Mgawanyo huo huchukuliwa kuwa suala la ufundi wa kufundisha tu, lakini ndani yake limo swali la kifalsafa: je, jambo linalotangulizwa kwa sababu ni rahisi haligeuki, akilini mwa anayejifunza, kuwa ndilo la msingi, na lile lililocheleweshwa likawa nyongeza?

Mpangilio uliozoeleka huanza na eneo tupu lililochorwa miraba. Mchezaji hujifunza kwanza kupitisha barabara na kukata viwanja, baadaye huongezewa bajeti, maji na umeme, na mwishoni kabisa, akiwa ameshauzoea ubao huo wa mchezo, huletewa watu wenye madai yanayogongana. Mchezo wa kompyuta wa SimCity, uliobuniwa na Will Wright na kutolewa mwaka 1989, humkabidhi mchezaji nchi isiyo na mtu, na watu huja baada ya yeye kuwapangia mahali. Hapo ndipo ilipo hatari, kwa kuwa ardhi ya namna hiyo ni nadra sana duniani. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huigawa ardhi ya kijiji katika mafungu matatu, yaani inayotumiwa na wote kwa pamoja, inayokaliwa au kutumiwa na mtu au familia, na ile inayoweza kugawiwa baadaye. Na hata hilo fungu la tatu lina msimamizi wake, ambaye ni halmashauri ya kijiji. Malisho yanayoonekana matupu katika msimu mmoja huweza kuwa ndiyo tegemeo la mifugo katika msimu mwingine. Anayejifunza aliyeutawala ubao mtupu katika ngazi mbili nzima, anapokutana na mfugaji katika ngazi ya tatu, humwona kuwa kikwazo kilichoingia kuuharibu mpango mzuri, ilhali kwa haki mpango ndio uliomkuta mfugaji.

Kinachoachwa nje ya kielelezo, yaani picha iliyorahisishwa ya hali halisi, hakiachwi bila gharama. Mwaka 1969 Jay Forrester, mhandisi wa taasisi ya MIT nchini Marekani, alichapisha kitabu kilichoueleza mji kwa milinganyo ya kompyuta, na kazi hiyo ndiyo iliyokuja kumpa Wright mwanga. Hitimisho lake mojawapo lilikuwa kwamba kujenga nyumba za bei nafuu kungeudhuru mji, na kwamba kubomoa sehemu ya nyumba za maskini kungeufufua. Katika milinganyo ile, nje ya mji palihesabiwa kuwa mazingira yasiyo na kikomo, kwa hiyo waliohama walitoweka kwenye hesabu, na mateso yao huko waendako hayakuwa na mahali pa kuandikwa. Hesabu ilikuwa na nidhamu. Mpaka uliochorwa kuizunguka ndio uliobeba hukumu ya kimaadili, tena kabla hesabu haijaanza.

Mwanahistoria Ibn Khaldun, katika kitabu chake Muqaddimah alichokiandika mwaka 1377, alitoa fikra inayofaa kurejewa hapa. Kwa maoni yake, elimu hufundishwa kwa mzunguko wa mara tatu: mara ya kwanza mwanafunzi huonyeshwa masuala makuu ya fani kwa muhtasari, mara ya pili hupandishwa hadi kwenye ufafanuzi na hitilafu za wanazuoni, na mara ya tatu haachiwi fundo lolote bila kufunguliwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba kila mzunguko huipitia fani nzima, kwa hiyo kinachoongezeka ni kina. Ngazi za uigaji zikipangwa hivyo, ya kwanza inaweza kuwa kitongoji chenye kisima kimoja, mkulima mmoja, mfugaji mmoja na familia moja inayotafuta kiwanja. Udogo huo unamhurumia anayeanza, ambaye kwa kweli hawezi kubeba yote kwa pamoja, lakini haumfichi mtu yeyote. Sheria, misimu, fidia na hesabu za bajeti zitafuata katika mizunguko ya baadaye, zikiwakuta watu wameshakuwapo.

Hata hivyo mzunguko una mpaka wake. Wananadharia wa mipango Horst Rittel na Melvin Webber, katika makala yao ya mwaka 1973, walieleza kwamba matatizo ya mipango ya jamii hayatoi nafasi ya kujaribu na kukosea, kwa kuwa kila jaribio huacha athari isiyofutika: barabara ikishajengwa imejengwa, na familia ikishahamishwa imehama. Uigaji unaoruhusu kuanza upya kila mara hufundisha ustadi, lakini unaweza pia kuzoesha wepesi wa moyo usiostahili kwa mtu atakayeshika kalamu ya kuamua makazi ya wengine. Ndiyo sababu ngazi ya mwisho inapaswa kuchezwa mara moja tu, bila ruhusa ya kufuta wala kurudia, na mjadala unaofuata mchezo ufunguliwe na wale waliopoteza ardhi ubaoni, wenye mpango wakiwasikiliza kabla ya kujitetea.