Suala la Suhuba Katika Michezo ya Kompyuta

Tumeulizwa na baadhi ya vijana wanaohudhuria darasa letu suala ambalo wazee wengi wangelicheka na kulipita. Nalo ni hili: mchezaji wa michezo ya kompyuta, akiwa na masahibu wa kubuniwa wanaofuatana naye safarini, akamvuta mmoja wao katika uovu hadi akaharibika, je, ana dhambi? Sisi hatukucheka, kwani hili ni suala la suhuba, na wanavyuoni wameuandikia mlango huo tangu zamani.

Yafaa asiyeijua michezo hii aelezwe. Mchezaji huwa mtu wa hadithi, akazunguka nchi na kupigana na maadui, na pamoja naye wapo wenzake, kila mmoja na tabia yake. Kwa kila neno alisemalo wao huridhika au huchukia, na mtambo huweka hesabu. Katika Baldur's Gate, mchezo uliotoka mwaka 1998, sifa ya mchezaji hupimwa kutoka 1 hadi 20. Ikishuka mno masahibu wema humwacha, na ikipanda mno waovu ndio waondokao.

Hilo la waovu kuondoka twalikubali. Kila mtaa una kijana aliyeanza kuhudhuria sala ya jamaa, na wenziwe wa kibarazani wakamkimbia wenyewe, pasi na yeye kuwafukuza.

Lakini katika mchezo huo huo, aliyeiharibu sifa yake aweza kuingia hekaluni akatoa dhahabu, na sifa ikapanda. Aliyedhulumiwa hakurudishiwa kitu wala hakuombwa radhi. Wala tusiwacheke waliobuni jambo hilo, maana kwetu pia wako wapunjao mizani siku sita, na siku ya Ijumaa wakaleta mikeka msikitini ili majina yao yatangazwe.

Mfano wa pili ni Dragon Age: Origins, wa mwaka 2009. Humo ridhaa ya kila sahibu ina nambari yake, kutoka 100 chini ya sifuri hadi 100 juu yake, na zawadi huipandisha. Mchezaji humuudhi mwenzake kwa maneno, kisha akampa pambo alipendalo, na hesabu ikapanda tena. Aliye hodari hujifunza kumwambia huyu la kumpendeza huyu, na yule la kumpendeza yule. Wanavyuoni huiita mudahana. Watu wa mjini husema kujipendekeza. Na haki ya kwanza ya sahibu juu ya sahibu wake ni kuambiwa kosa lake, hata kama atanuna.

Ulioukaribia ukweli zaidi, kwa maoni yetu, ni Star Wars: Knights of the Old Republic II, wa mwaka 2004. Humo mchezaji akiipata nafsi ya sahibu, sahibu yule huvutwa upande wake, akiwa mwema huwa mwema, akiwa mwovu huwa mwovu. Yumo pia bikizee aitwaye Kreia, mwalimu wa mchezaji. Katika mji wa Nar Shaddaa maskini huomba pesa. Mchezaji akimpa, Kreia humlaumu, na humuonyesha jinsi maskini yule atakavyopigwa na mwengine na kunyang'anywa. Akimfukuza kwa vitisho, humuonyesha jinsi maskini atakavyokwenda kumdhulumu mwengine. Wako vijana waliotoka na hoja hii wakidhani kwamba sadaka haina faida. Jawabu ni kuwa mtoaji huulizwa nia yake na uangalifu wake, na mnyang'anyi huulizwa unyang'anyi wake, hawabadilishani madaftari. Hata hivyo bikizee yule ana chembe ya haki: atupaye sarafu bila ya kumtazama ampaye hakutimiza adabu ya kutoa.

Ila hata humo hesabu ya kuvutana humpima sahibu peke yake. Mchezaji huathiri, haathiriki. Kinyume chake ni mfano wa Mtume wetu (S.A.W.) wa muuza miski na mvukuta wa mhunzi, uliopokewa na Bukhari na Muslim: harufu humfikia aliyekaa karibu, akitaka asitake. Kijana aliyezoea kujiona yeye ndiye avutaye, atajuaje siku atakapovutwa yeye?

Sasa jawabu la suala. Sahibu yule si kiumbe mwenye roho, basi hapana aliyedhulumiwa, wala hatusemi kwamba mchezaji ana dhambi ya kumpoteza mtu. Lakini Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya kuwa tabia hupatikana kwa kukariri: atakaye hati nzuri huiga mkono wa mwandishi hodari hadi mkono wake uzoee. Kwa hivyo twamhofia zaidi yule atendaye wema mchezoni usiku kucha kwa ajili ya nambari, kuliko yule aliyechagua uovu mara moja kwa udadisi.

Wenzetu wengine wametutaka tutoe hukumu moja ya haramu, tufunge mlango. Hatukuona dalili yake. Twalitakalo kwa wazazi ni kuwa baba aketi na mwanawe, amuulize kwa nini amemjibu sahibu yule vile. Akisema, "Kwa sababu ndiyo haki," na waendelee na mazungumzo yao. Akisema, "Kwa sababu huyu hupenda kujibiwa hivyo," basi amuulize kama hivyo ndivyo amjibuvyo mamake.