Mwambie Kiongozi Ukweli

Somo: Zaburi 24:3-4, Mithali 28:13, Yohana 16:13

 

Leo naongea na vijana wetu wanaojiandaa kupanda Mlima Kenya mwezi wa Agosti. Lakini wazazi msisinzie, neno hili ni letu sote.

Sisi wa Masalani tumezoea nchi tambarare. Simama sokoni, tazama pande zote, huoni hata kilima. Lakini maji ya Tana tunayochota hapa, mengi yanatoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Kila siku tunaunywa huo mlima, ila hatuujui. Mimi nilienda kuujua miaka kadhaa iliyopita, nikiwa na vijana wa kanisa nililokuwa nikihudumu. Uliniaibisha, na leo nitawaambia vile uliniaibisha.

Tulikuwa tumejiandaa, au ndivyo tulivyofikiri. Tulifunga siku tatu. Tulinunua majaketi ya mitumba, soksi nzito, kofia na glavu. Tulipofika Nanyuki, kiongozi wetu wa mlima akaniambia, "Pasta, nyinyi mmetoka chini sana. Ongezeni siku moja ya kupumzika huko juu, mwili uzoee." Nikamjibu, "Ndugu yangu, sisi ni watu wa imani." Siku moja zaidi ilikuwa pesa zaidi, na mimi sikutaka kutoa. Nikaifunika kwa neno imani. Mungu anisamehe.

Tukapitia njia ya Sirimon. Jioni ya kwanza tulilala Old Moses, mita 3,300. Baada ya chakula kiongozi alimzungukia kila mmoja akiuliza: Kichwa kinauma? Umekula? Unasikia kichefuchefu? Kichwa changu kilikuwa kimeanza kugonga. Nikasema, "Niko sawa, Bwana asifiwe." Vijana wangu walikuwa wananitazama. Mtumishi wa Mungu ataanzaje kulalamika siku ya kwanza?

Siku ya pili tulitembea hadi Shipton, mita 4,200. Huko hewa ni nyepesi. Unavuta pumzi na ni kama hujavuta. Supu yangu niliimwaga nje gizani. Kiongozi akauliza tena, nikajibu tena, "Niko sawa." Usiku nikatoka nje, nikakemea maumivu kwa jina la Yesu, kisha nikatapika. Nilikuwa nimeomba, ndiyo, lakini nilikuwa nimedanganya, na sikutaka kuacha.

Binti mmoja wa kwaya aliniona. Hakunyamaza kwa heshima. Alienda moja kwa moja kwa kiongozi. Yule mtu akaja na tochi, akaniambia nitembee kwenye mstari mmoja, kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma. Nilishindwa hatua ya tatu. Niliyumba kama mlevi, mimi mhubiri. Akasema kwa upole, "Pasta, tunashuka sasa hivi. Hatungoji asubuhi." Alijua kitu nisichojua: maradhi ya mwinuko yakifika hapo, ubongo unaweza kuvimba na mapafu kujaa maji, na mtu anaweza kufa. Dawa ya kwanza ni kushuka.

Msaidizi wake akanishika mkono, tukashuka usiku kucha. Kulipopambazuka tukiwa karibu na Old Moses, kichwa kilikuwa kimetulia. Saa hiyo vijana wangu walikuwa wanaelekea Lenana, mita 4,985, bila mchungaji wao. Walifika, wakaimba. Mimi nilikuwa chini nimekaa juu ya jiwe, nalia. Si kwa sababu sikufika kileleni. Nililia kwa sababu ningekufa kwa neno "niko sawa."

Wapendwa, nilijifunza mambo matatu.

La kwanza: kuwa na kiongozi si aibu. Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika kwanza kilele cha Batian mwaka 1899, hakufika peke yake. Alikuwa na waongozaji wawili wa milima kutoka Italia, César Ollier na Joseph Brocherel. Wewe unayesema huhitaji ushauri wa mtu kwenye ndoa yako, unapanda wapi peke yako?

La pili: kiongozi hawezi kukusaidia kwa jambo unalomficha. Yule mtu aliujua mlima kila jiwe, lakini hakujua kichwa changu. Yesu alisema Roho atakuja kutuongoza, na akamwita Roho wa kweli. Unataka akuongoze na wewe unakaa na uongo? Daudi anapouliza nani atapanda mlima wa Bwana, jibu halimtaji mwenye nguvu. Linamtaja mwenye mikono safi, asiye na hila. Naye Sulemani anatuonya kwamba anayeficha dhambi yake hafanikiwi, bali anayeungama na kuiacha hupata rehema. Kuna kijana hapa amezama kwenye mikopo ya simu na kamari. Kuna ndugu anaimba vizuri sana, na wiki ya tatu hii hasemi na mkewe. Tukikuuliza hali, unajibu, "Niko sawa, Bwana asifiwe." Mpendwa, unamwaga supu gizani.

La tatu: kushuka si kukosa imani. Kuna wakati Mungu anakuokoa kwa kukurudisha nyuma. Mlima bado upo pale.

Sasa vijana, sikieni. Anzeni leo kutembea asubuhi na mzigo mgongoni, na viatu vile vile mtakavyopanda navyo, visiwe vipya siku ya safari. Mwenye pumu, presha au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza, tena aseme mapema. Huko juu kunyweni maji mengi hata kama hamna kiu. Tembeeni pole pole. Na ile siku ya ziada ya kupumzika, kanisa litalipa. Nimeshaongea na wazee.

Na wewe uliyebaki hapa chini, usiondoke leo na kile kichwa kinachogonga. Tafuta mzee wa kanisa, mama wa maombi, au mimi mwenyewe. Sema ukweli.

Tuombe. Baba, tunashukuru kwa binti yule ambaye hakunyamaza. Tupe watu kama yeye. Tuondolee aibu inayotufunga midomo. Roho Mtakatifu, tuongoze, nasi hatutakuficha. Katika jina la Yesu. Amina.